Kutafuta Mlo wa Kukumbukwa Ugenini: Mwongozo kwa Msafiri Anayetokea Dodoma

Mtu anayetaka kula vizuri Istanbul, Singapore au Addis Ababa aanze kujizoeza mnadani Msalato. Nasema hivi bila utani, kwa sababu ujuzi wa kutambua mahali pa kula katika mji usioujua ni uleule anaoutumia mkazi wa Dodoma siku ya Jumamosi anapopita mbele ya mabanda ya nyama choma yanayofanana kwa moshi, kwa meza na kwa kelele za kuita wateja, kisha akaingia katika moja bila kusita. Hasomi bango. Anatazama nyama iliyotundikwa imebaki kiasi gani ikilinganishwa na saa, anatazama waliokaa ni akina nani, na anatazama kama mchomaji anaigeuza nyama kwa utaratibu wake au anaiharakisha motoni kwa sababu mteja amelalamika. Kasi ya chakula kuisha, aina ya walaji na mkono wa mpishi: kwa mambo hayo matatu nimekula vizuri katika miji ambayo sikujua hata kusalimia, na kila nilipoyapuuza nililipa fedha nyingi kwa chakula nisichokikumbuka.

Kujizoeza njiani, kabla ya kupanda ndege

Safari ya basi kati ya Dodoma na Singida, au kati ya Dodoma na Morogoro kupitia Kibaigwa na Gairo, inatosha kabisa kuwa darasa. Basi linaposimama kwa ajili ya chakula, abiria mgeni huona mabasi manne yameegeshwa mahali pamoja na kudhani kwamba wingi huo ni ushahidi wa ladha. Si ushahidi. Kituo hicho kimechaguliwa na dereva na kondakta wake, ambao kwa kawaida hula hapo bila kulipa, wakati abiria wanapewa dakika kumi na tano, ambazo nusu yake wanazitumia kuchimba dawa, na zinazobaki wanazitumia kung'ang'ania chipsi zilizokaangwa tangu asubuhi. Mwenye biashara ya namna hiyo hana sababu ya kukupikia vizuri, kwa kuwa ujio wako wa kesho hautegemei ulivyoridhika leo.

Sasa tazama mbele kidogo, mahali yalipoegeshwa malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Dereva wa lori hula kwa posho yake mwenyewe, hupita njia hiyo mara nyingi kwa mwaka, na anaweza kusimama popote apendapo penye nafasi ya kuegesha. Akisimama kwa mama lishe fulani, na akina mama lishe wengine wapo hatua hamsini kabla yake, basi ameshafanya ulinganisho ambao wewe hukupata muda wa kuufanya. Kanuni inayotokana na hapo ni rahisi kuibeba: mfuate mlaji anayelipa kwa fedha yake na ambaye lazima atarudi.

Ugenini, wale wa basi na wale wa lori wapo pia, ila wamebadilisha mavazi. Dereva wa teksi anayesisitiza kukupeleka kwenye mgahawa mmoja tu, na kijana anayesimama mlangoni akikuonyesha picha za vyakula katika lugha sita, hao ni ndugu wa kondakta wetu. Muuza vitambaa sokoni, fundi viatu, mlinzi wa jengo na karani aliyetoka kazini saa saba mchana ni madereva wa malori. Wafuate hao, hata kama hamuelewani kwa neno moja, kwa kuwa miguu yao inaeleweka.

Swali la kuuliza

Wasafiri wengi huuliza, "Mna chakula gani?" Anayeuliza hivyo hujibiwa kwa orodha ndefu inayotajwa kwa pumzi moja, wali, ugali, pilau, ndizi, chipsi, samaki, kuku, na akiagiza pilau huambiwa kwamba pilau haijaiva, au iliisha jana. Swali lenye faida zaidi ni hili: "Ni kipi kinachowahi kuisha?" Nililiuliza mara ya kwanza kwa bahati tu, karibu na Soko la Majengo, nilipochelewa chakula cha mchana na kumsalimia mama mmoja aliyekuwa anaosha masufuria.

"Shikamoo, mama. Leo kimewahi kuisha nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mlenda. Ukija saa saba hukuti kitu."

Siku hiyo nilikula wali uliobaki, lakini kesho yake nilifika saa sita kasoro, nikakuta ugali wa uwele wa rangi ya kijivu, mzito, na mlenda uliotengenezwa kwa majani yaliyokaushwa na kutwangwa, ukaungwa kwa karanga. Nilikuwa nimeishi Dodoma kwa miaka kadhaa bila kuujua mlenda wa namna hiyo, kwa sababu kila siku nilikuwa nikifika wakati mlenda umekwisha na wali ndio uliobaki. Swali hilo linatafsirika kwa urahisi katika simu, na usipokuwa na simu linaulizwa kwa ishara: onyesha masufuria, onyesha saa, kisha geuza viganja vitupu. Wapishi wa kila nchi wanaielewa ishara ya sufuria tupu.

Saa za mji

Kosa linalowagharimu wasafiri kuliko mengine yote ni kufika na saa ya nyumbani tumboni. Kila mji una saa yake ya kula, na nje ya saa hiyo unauziwa masalia au unauziwa kile kilichoandaliwa kwa ajili ya wageni. Huko Hispania chakula kikuu cha mchana huliwa kuanzia saa nane, na anayetaka chakula cha jioni saa moja atajikuta peke yake na watalii wenzake, kwa kuwa wenyeji huanza kukaa mezani kama saa tatu usiku. Migahawa mingi huko huuza mchana mlo kamili wa bei moja, wenye sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate na kitu kitamu au kahawa, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya usiku. Mwenye fedha kidogo na ale vizuri mchana, usiku apitishe kwa matunda.

Istanbul inanifanya niseme zaidi kidogo. Kuna migahawa iitwayo lokanta, na katika hiyo ile ya mafundi na wenye maduka, ambayo hupika asubuhi, hupanga vyakula katika trei nyuma ya kioo, na kufikia alasiri trei nyingi zinakuwa tupu. Fika kabla ya saa saba mchana, simama mbele ya kioo, onyesha kwa kidole. Hakuna haja ya lugha, na hakuna aibu, maana wenyeji nao wanaonyesha kwa kidole. Karibu na Msikiti wa Süleymaniye ipo safu ya migahawa inayojulikana kwa chakula kimoja kiitwacho kuru fasulye, ambacho, baada ya kupokea sahani na kuitazama vizuri, nilikitambua kuwa ni maharage. Pembeni yake ulikuja wali, ambao wao huuita pilav, jina ambalo halina haja ya tafsiri kwa Mswahili. Nilikuwa nimetoka Dodoma, nikabadilisha ndege, nikapanda mlima kwa miguu, ili kula wali maharage.

Ulikuwa mlo bora wa safari ile. Maharage yalikuwa meupe, yamepikwa polepole pamoja na nyanya na siagi hadi yamelainika bila kupasuka, na mchuzi wake ulikuwa mzito kiasi cha kushika punje za wali bila kuzilowesha. Nilipokuwa nakula nilitambua kwamba kipimo kizuri cha mpishi ni kile chakula unachokijua tangu utotoni. Mgeni anaweza kudanganywa kuhusu bata wa kuokwa, lakini hakuna awezaye kumdanganya Mtanzania kuhusu maharage. Kwa hiyo, katika mji wowote mpya, chagua mlo mmoja wa kigeni kabisa na mlo mmoja ulio binamu wa chakula cha kwenu. Huo wa pili ndio utakaokufundisha mengi.

Kalenda nayo ni sehemu ya saa. Addis Ababa, waumini wa Kanisa la Orthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa, pamoja na siku 55 kabla ya Pasaka, na katika siku hizo hawali nyama, maziwa wala mayai. Msafiri asiyejua hilo huagiza nyama siku ya Jumatano na kushangaa kwa nini ameletewa kitu kilichopashwa moto. Anayejua huagiza sinia la mfungo, beyaynetu, ambalo ni injera iliyotandazwa na juu yake yakapangwa mafungu ya dengu, uji mzito wa unga wa mazao ya jamii ya kunde uitwao shiro, kabichi, mboga za majani na viazi, kila kimoja kwa viungo vyake. Siku za mfungo ndizo siku ambazo jiko la Ethiopia hutumia akili nyingi zaidi. Kama umekaa na wenyeji, usishtuke mwenzako anapokunja tonge kwa mkono wake na kulielekeza kinywani mwako. Kitendo hicho huitwa gursha, na ni heshima. Fungua mdomo, kisha nawe umlishe.

Vivyo hivyo mwezi wa Ramadhani, katika miji ya Uarabuni au Zanzibar, mchana usitafute mgahawa bali utafute mahali pa kufuturu, na ufike mapema kabla ya adhana ya magharibi, kwa sababu dakika tano baada yake hakuna kiti.

Kuketi, kuagiza na kulipa

Kila nchi ina taratibu ndogo ambazo mwenyeji hazioni na mgeni huzijua baada ya kuaibika. Singapore wachuuzi wa chakula wamekusanywa katika majengo ya wazi yenye maji na mifereji, kazi iliyofanywa na serikali kuanzia miaka ya 1970 ili kuwaondoa barabarani bila kuwaondolea riziki. Msomaji anayelijua soko la machinga la Dodoma ataliona wazo hilo haraka. Mwaka 2020 UNESCO iliuorodhesha utamaduni wa vituo hivyo kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ukifika Maxwell Food Centre na kuona meza tupu yenye pakiti ya karatasi laini za kufutia mikono juu yake, usiikalie na wala usiichukue pakiti, maana mwenyewe ameiacha hapo kushikilia nafasi na yuko kwenye foleni. Nawe fanya hivyohivyo. Kibanda kimoja hupika chakula kimoja au viwili kwa maisha yote ya mwenyewe, na foleni ndefu ya wenyeji wa rika mbalimbali ni dalili ya kutosha, ilimradi isiwe foleni ya watu wenye kamera tu. Wali wa kuku wa mtindo wa Hainan ni chakula cha kuanzia: kuku huchemshwa kwa moto wa taratibu, na ile supu yake ndiyo inayopikia wali. Aliyelelewa kwa kuku wa kienyeji wa Singida, anayehitaji meno na subira, atamwona kuku huyo ni laini kupita kiasi. Asimtazame kuku. Ale wali, ndipo ataelewa foleni inatafuta nini.

Guangzhou, ambako wafanyabiashara wetu wengi wanapajua kuliko wanavyoijua Kigoma, tafuta mgahawa wa tambi za Lanzhou. Mara nyingi unaendeshwa na Waislamu wa Kichina, na mlangoni huwa na maandishi mawili yanayosomeka qingzhen, maana yake chakula ni halali. Mpishi hushika donge la unga, hulivuta, hulikunja na kulivuta tena mbele ya macho yako mpaka liwe nyuzi, na wewe huchagua unene wa nyuzi hizo kabla hajaanza. Hapa ule mkono wa mpishi unaonekana waziwazi, na hulazimiki kukisia. Jambo la kuandaa mapema ni malipo, kwa sababu watu karibu wote hulipa kwa simu kupitia WeChat au Alipay, na muuzaji mdogo anaweza kukosa chenji kabisa; ishughulikie programu hiyo ungali hotelini kwenye intaneti nzuri, wala usisubiri mpaka bakuli liko mezani.

Japani mambo ni mepesi kuliko yanavyoogopwa. Migahawa mingi huweka dirishani vyakula vya plastiki vinavyofanana na vya kweli, na mingine ina mashine mlangoni: unaweka fedha, unabonyeza kitufe, unapewa tiketi, unamkabidhi mpishi. Usiache bahashishi, kwa kuwa anaweza kukukimbilia barabarani akidhani umesahau fedha yako. Marekani ni kinyume chake: mhudumu wa mezani hutegemea bahashishi, na kiwango cha kawaida ni kati ya asilimia 15 na 20 ya bili, kwa hiyo hesabu bei ya chakula ukiwa umeshaiongeza.

Afrika Kusini, mjini Durban, waliko watu wengi wenye asili ya India, agiza bunny chow, ambayo licha ya jina lake haina sungura. Ni mkate wa boflo uliokatwa, ukatolewa nyama yake ya ndani, ukajazwa mchuzi wa mbuzi, kuku au maharage. Mtu mmoja huagiza robo. Kile kipande cha mkate kilichotolewa huwekwa juu kama kifuniko, nawe huanza kwa kukichovya hicho, kisha unavunja kuta kidogokidogo kuanzia juu kwenda chini, kwa mkono. Anayeanzia chini atamwagikiwa. Nimeshuhudia, na shati lilikuwa langu.

India yenyewe inamkaribisha Mswahili kwa namna ambayo hakuna mwongozo unaoweza kuiandaa: unakula kwa mkono wa kulia bila kutazamwa, chapati ni chapati, na sambusa imebadilisha herufi chache tu. Katika majimbo ya kusini utaandaliwa jani la mgomba badala ya sahani, na mhudumu atapita tena na tena akiongeza wali na michuzi hadi umzuie. Zuia kwa kiganja juu ya jani. Neno "asante" halimzuii mtu.

Tumbo

Hapa nitasema machache, kwa kuwa yanajulikana. Chakula kilichotoka motoni sasa hivi barabarani ni salama kuliko kile kilichopoa katika vyombo vya kung'aa vya hoteli kubwa, hivyo usikitathmini chakula kwa uzuri wa jengo. Kunywa maji ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa, barafu iache kama huna hakika na maji yake, na tunda ulimenye mwenyewe. Beba pakiti kadhaa za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Kama kuna kitu usichokula kwa sababu ya dini au mzio, kiandikishe kwa lugha ya wenyeji katika kadi ndogo kabla ya kusafiri, na ukitaje kwa ukamilifu, maana aliyeambiwa tu "situmii nyama ya nguruwe" anaweza kwa nia njema kabisa kukupikia mboga kwa mafuta yake.

Kuutunza mlo

Picha ya sahani haisaidii sana. Ninazo mamia, na nyingi sijui tena zilikuwa za nini. Kilichonisaidia ni daftari dogo ambalo ndani yake huandika usiku uleule mambo matano: mtaa, saa niliyofika, chakula kilichokuwa kinawahi kuisha, aliyekuwa ameketi karibu nami, na kitu kimoja ambacho ulimi haukukielewa. Hicho cha mwisho ndicho chenye thamani, kwa sababu ndicho utakachokwenda kukitafuta jikoni kwako.

Chukua injera. Huko Ethiopia hupikwa kwa nafaka ndogo iitwayo teff, ambayo sijaiona sokoni Dodoma, lakini pale teff inapokuwa ghali wenyeji hutumia mtama, na mtama sisi hatuhitaji kuutafuta. Changanya unga wa mtama na maji vuguvugu hadi upate uji mwepesi, funika, uuache siku mbili au tatu mpaka unuke uchachu na maji yapande juu. Mwaga maji hayo. Chota kikombe kimoja cha mchanganyiko, kipike katika maji yanayochemka mpaka kiwe uji mzito, kiache kipoe, kisha ukirudishe ndani ya ule uliobaki na usubiri uumuke tena kwa saa moja au mbili. Hatua hii ya kupika sehemu na kuirudisha ndiyo niliyoiruka mara ya kwanza, nikapata kitu kama kigae. Pasha kikaango kisichoshika, mimina kwa kuzungusha kuanzia ukingoni kwenda katikati, na ukiona vijitundu kama macho vimejaa juu, funika kwa muda mfupi. Usigeuze. Mlo huu uliwe siku hiyohiyo, kwa sababu injera ya mtama hukauka na kukatika mapema kuliko ya teff.

Jaribio langu la tatu lilifaulu, na kwa kuwa dengu zilikuwa zimeniishia, niliweka juu yake mlenda wa karanga kutoka kwa yule mama wa Majengo, niliyemwahi saa sita kasoro.